Kuchagua kigeuzi cha analogi kwenda dijitali kwa mawimbi ya setilaiti ya 437 MHz

Ukiunda kipokezi cha kukaa ndani ya setilaiti ndogo, iwe maabara iko Kisumu au Njoro, usianze kwa kuuliza kigeuzi (ADC), chipu inayopima mawimbi na kuyafanya namba, kina biti ngapi. Anza na masafa. Bendi ya 435–438 MHz ina upana wa MHz 3 tu, na kasi ya chini kabisa ya kuchukua sampuli, yaani vipimo vya mawimbi, huamuliwa na upana huo. Sampuli milioni 92.16 kwa sekunde zinatosha kabisa. Chipu ya sampuli bilioni moja itamaliza umeme wa paneli bure.

Kwa nini 92.16? Nusu yake ni 46.08 MHz, na masafa hugawika katika vipande vya upana huo, viitwavyo kanda za Nyquist. Bendi yetu inakaa karibu katikati ya kanda ya 10, 414.72 hadi 460.8 MHz. Kigeuzi huikunja, yaani huishusha hadi kanda ya kwanza, ikatokea kati ya 22.8 na 25.8 MHz, tena imepinduka kwa sababu kanda ni shufwa. Programu iigeuze.

Kwenye karatasi ya data, tafuta kwanza upana wa bendi wa ingizo la analogi. Kasi ya sampuli haikuhakikishii kuwa ingizo linapitisha 437 MHz. ADC14155QML ya Texas Instruments, iliyotengenezwa kwa kazi za anga, ina biti 14, sampuli milioni 155 na ingizo la GHz 1.1: inafaa. Upotoshaji nao usome pale ulipopimwa karibu na masafa yako, si kwa 10 MHz.

Wengi huangushwa na saa, yaani mapigo yanayoamua lini sampuli ichukuliwe. Ikiyumba kwa pikosekunde 1, kwa 436.5 MHz mawimbi hayazidi kelele kwa zaidi ya dB (desibeli) 51, yaani biti 8 na kidogo. Zile 14 umezilipia bure. Pikosekunde 0.1 hukupa dB 71. Usichukue saa kutoka kwenye FPGA, chipu ya mantiki inayochakata sampuli. Weka osileta ya kristali yenye regyuleta yake tulivu ya kuipa umeme usioyumba.

Kichujio kinachopitisha bendi yako tu kikae baada ya amplifaya, mlangoni mwa kigeuzi. Kikitangulia, kelele ya amplifaya ya kanda zote hukunjwa juu ya mawimbi yako. Kanda 10 zikijaa sawa, umepoteza dB 10. Hapa kwetu kuna balaa jingine: 483.6–486.6 MHz hukunjwa palepale, na hayo ni masafa ya runinga ya dijitali.

Angani, chembe moja ya mionzi inaweza kuitia chipu ya CMOS (aina ya kawaida ya chipu za silikoni) shoti isiyoisha mpaka umeme ukatwe. Kama chipu haikuthibitishwa kuhimili hilo, weka swichi inayopima mkondo na kukata yenyewe. Feni haina kazi huko. Joto lipitie kwenye bodi hadi fremu.

Jaribu kwa betri, maana inverta ya sola ina kelele. Ingiza 437.0 MHz: mstari uonekane 23.8 MHz, na ukipanda hadi 437.5 ushuke 23.3. Kisha ingiza 484.6 kwa nguvu ileile. Mstari utaonekana tena 23.8, na tofauti ya kimo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo nguvu halisi ya kichujio chako, na ikiwa chini ya dB 60 tafuta kingine.