Kulinganisha kompyuta za gemu za mkononi kabla hujatuma hela Dar

Ukiwa Mtwara, Masasi au Lindi, kifaa cha namna hii mara nyingi utakiona kwa picha tu. Muuzaji yuko Kariakoo, mzigo unapakiwa kwenye basi, na kuurudisha ni nauli nyingine pamoja na maneno mengi. Kwa hiyo ulinganishaji wote ufanyike kabla ya kutuma hela, na ufanyike kwa namba zinazobaki kuwa kweli umeme ukikatika na joto likiwa nyuzi 32. Namba kubwa za kwenye boksi nyingi zimepimwa kifaa kikiwa kwenye chaja.

Hatua ya 1: Pata jina zima la prosesa (ubongo wa kifaa)

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. ROG Ally, kompyuta ya gemu ya mkononi ya Asus ya 2023, ilitoka na prosesa mbili: Ryzen Z1 na Ryzen Z1 Extreme. Umbo ni lile lile, kioo ni kile kile. Z1 Extreme ina koa 8 (sehemu zinazofanya hesabu) na vitengo 12 vya kuchora picha; Z1 ya kawaida ina koa 6 na vitengo 4. Tangazo likiandika "Z1" tu, uliza. Usikubali jibu la mdomo, omba picha ya ukurasa wa kifaa wenyewe unaoonyesha prosesa.

Mshindani wake, Steam Deck ya Valve, ina koa 4 na vitengo 8 vya picha vya kizazi cha nyuma kidogo, kiitwacho RDNA 2. Kwenye karatasi inaonekana mnyonge, lakini ilitengenezwa kufanya kazi kati ya wati 4 na 15. Ukizibana zote mbili kwenye wati 10, pengo kati yake na Z1 Extreme linapungua sana. Z1 Extreme inakimbia ikipewa wati 25, na wati hizo zinatoka kwenye betri.

Hatua ya 2: Hesabu pikseli

Pikseli ni nukta zinazounda picha kwenye kioo. Zidisha upana kwa urefu. Steam Deck: 1280 × 800, yaani pikseli 1,024,000. ROG Ally: 1920 × 1080, karibu mara mbili. Legion Go ya Lenovo: 2560 × 1600, mara nne kamili ya Deck, ilhali prosesa yake ni Z1 Extreme ile ile ya Ally. Kwa gemu nzito utaishia kuishusha hadi 1280 × 800, na kwa bahati nzuri inagawanyika sawasawa, pikseli moja inakuwa nne, picha haififii sana. Usilipie kioo kikubwa ukidhani kasi nayo imekuja humo.

Hatua ya 3: Geuza betri kuwa saa

Achana na mAh. Tafuta wati-saa (Wh), yaani umeme wote uliomo kwenye betri, kisha gawa kwa wati zote zinazoliwa: za prosesa, ukiongeza kama 8 za kioo, ramu (kumbukumbu ya muda), feni na Wi-Fi. Nane ni makadirio. Ukipandisha mwanga wa kioo kwa sababu umekaa barazani mchana, weka 10.

Betri ni hizi, kwa wati-saa: Steam Deck ya kwanza 40, Steam Deck OLED 50, ROG Ally 40, Legion Go 49.2, ROG Ally X (toleo la baadaye la Ally) 80.

Prosesa ikiwa wati 15, jumla ni 23. Betri ya 40 inakupa saa 1 na dakika 44. Ya 80 inakaribia saa 3 na nusu. Pandisha prosesa hadi wati 25, jumla 33: betri ya 40 inabaki na saa 1 na dakika 12 hivi. Umeme ukikatika saa moja jioni ukarudi saa tatu, ya 40 haifiki hata ukiishusha hadi wati 15. Ishushe hadi 8, ucheze gemu nyepesi, utapata saa 2 na nusu.

Pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 kwa hesabu (20 × 3.7), lakini kinachofika ndani ya kifaa ni kama 55 hadi 60, nyingine zinapotea kama joto. Lazima itoe wati 45 kwa USB-C.

Hatua ya 4: Ramu na diski

Ramu imechomelewa, haiongezwi. Gigabaiti 16 inagawanwa kati ya picha na programu. Ally X ina 24.

Diski inabadilishika, ila urefu unatofautiana: Deck na Ally ni 2230, Legion Go ni 2242, Ally X ni 2280. Tarakimu mbili za mwisho ni urefu kwa milimita. Ile ya 2280 ndiyo ya kompyuta za kawaida, hivyo ndiyo rahisi kuipata. Ukimpelekea fundi Deck aifungue, toa memori kadi kwanza. Ikisahaulika ndani, inavunjika vipande viwili mfuniko wa nyuma unapochomoka. Skrubu za mfuniko ni 8, za urefu wa aina mbili, zipangwe zilivyotoka.

Hatua ya 5: Pima kabla muuzaji hajafunga boksi

Kwa kifaa cha mtumba chenye Windows, mtumie ujumbe kama huu:

"Habari kaka, kabla hujapakia naomba ufungue Command Prompt uandike `powercfg /batteryreport`, halafu nipigie picha sehemu ya juu ya ripoti. Pia andika `joy.cpl`, nirekodie vijiti vyote viwili ukivizungusha na kuviachia."

Kwenye ripoti kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Mfano 40,000 na 33,200: betri imebaki asilimia 83, na ile saa 1 na dakika 44 imeshuka hadi saa 1 na dakika 26. Chini ya asilimia 80, dai punguzo la bei ya betri pamoja na ufundi.

Kwenye video ya vijiti, alama irudi katikati na kutulia. Ikisogea yenyewe, kijiti kimelika. Vijiti vya Legion Go vinatumia sumaku, havisuguani ndani, hivyo havichakai kwa njia hiyo.

Aache pia gemu nzito ikicheza dakika 20 mfululizo. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikianza vizuri kisha zikaporomoka baada ya dakika 10, feni imejaa vumbi au dawa ya joto juu ya prosesa imekauka. Kama hali ni hiyo kwenye duka lenye kiyoyozi, Mikindani mchana itakuwa mbaya zaidi.

Mwisho, amulike ndani ya tundu la USB-C. Ukijani au weupe kwenye pini ni kutu ya unyevu, na upepo wa bahari utaimalizia kazi.

Hatua ya 6: Chaja

Deck inataka wati 45, Ally 65. Chaja ya simu ya wati 20 itajaza kifaa kikiwa kimezimwa. Ukicheza, kinakula 23 huku kinaingiziwa 20, na betri inashuka taratibu ingawa alama ya kuchaji inawaka. Chaja yenye pini mbili bapa za Marekani isikutishe. Soma maandishi yake madogo: ikiwa ni 100–240V, 50/60Hz, adapta ya plagi inatosha, transfoma haihitajiki.