Jinsi ya kufuatilia wanyama na ndege wanaopita kijijini mvua za vuli zikianza

Wadau, kila Novemba naulizwa swali lile lile, eti mbona wewe unaona vitu kila siku na sisi tunaoishi hapo hapo hatuambulii kitu. Jibu fupi: watu wanatafuta mnyama, mimi naanza na tope. Niko upande wa Babati, Tanzania, vijiji vya Burunge WMA (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe), yaani Minjingu, Vilima Vitatu, Mwada kule, katikati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku, wewe wa Mikumi au Taita utajipimia mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika mvua kabla hujaandika mnyama

Kiangazi chote wanyama wanabanana Mto Tarangire maana maji ya uhakika yako pale, mvua za kwanza zikidondoka tu wanatawanyika, nyumbu na pundamilia wengi wanashika njia ya mashariki kwenda mbuga za Simanjiro, wengine wanapita ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kwakuchinja na kuvuka lami ya Arusha–Babati kuelekea upande wa Manyara. Kule Simanjiro kinachowavuta ni nyasi changa zenye fosforasi nyingi, majike yanaihitaji wakati wa kuzaa na kunyonyesha. Sasa usiposhika tarehe ya mvua, mwakani utakuwa na orodha ya wanyama tu isiyokueleza chochote. Andika: imenyesha lini, nyingi au rasharasha, imetokea upande gani. Basi.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Daftari dogo, penseli (kalamu ya wino ikilowa ni hasara), kibiriti, kamba nyembamba kama mita mbili, simu yenye chaji. Darubini ukiwa nayo sawa, usipokuwa nayo usikae nyumbani kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Alfajiri baada ya mvua, soma nyayo

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote ni nyongeza. Mvua ya usiku inafuta alama za jana, kwa hiyo chochote unachokiona asubuhi kwenye tope kimepita baada ya mvua kukatika, huna haja ya kubishana na mtu. Nenda mapema kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, maana wakishapita hapo hamna kitu tena. Pita kando ya mto wa mchanga, kwenye kivuko, na njia ya kwenda kisimani.

Weka kibiriti pembeni ya alama kionyeshe ukubwa wake, halafu piga picha ukiwa juu yake moja kwa moja, sio kwa kuinamisha simu. Jua likiwa bado chini linakupa kivuli kizuri ndani ya alama, ikifika saa nne kila kitu kinaonekana bapa. Usipige bila kibiriti, nakuomba, grupu zimejaa picha za "simba" ambazo ni mbwa wa jirani.

Kutofautisha: fisi anaacha alama za kucha, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, tofauti unaiona kwa macho. Chui na simba kucha hazionekani maana wanazirudisha ndani wakitembea, na ukiangalia kisigino cha alama utakuta vinundu vitatu nyuma. Alama ya simba ni kubwa, vibiriti viwili kwa urefu na zaidi. Mbwa naye anaonyesha kucha kama fisi ila miguu yake haipishani sana ukubwa. Kinyesi cha fisi kikikauka kinakuwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayokula, huwezi kukikosea. Pundamilia ana kwato moja ya mviringo kama punda, nyumbu kwato yake imegawanyika mara mbili.

Tembo sasa, hapa ndo kamba inafanya kazi. Tafuta alama ya mguu wa mbele, ni ya duara zaidi, ya nyuma imerefuka kama yai. Zungusha kamba kwenye ukingo wa alama ya mbele, pima, halafu zidisha kwa mbili, unapata kimo chake begani kwa makadirio mazuri tu. Kamba ikisoma mita 1.3 basi huyo ana kama mita 2.6. Ukipima kadhaa utajua kama limepita dume peke yake au ni familia yenye ndama, na hilo ni jambo ambalo mwenye shamba anataka kulijua kuliko picha yoyote.

Hatua ya 4: Jioni, kaa karibu na kichuguu

Mvua ikikata kumbikumbi wanatoka, na kumbikumbi wakitoka ndege wote wanajua. Usikae juu ya kichuguu chenyewe, rudi nyuma, jua liwe mgongoni kwako, utulie. Mwewe watakuja, mbayuwayu wa kutoka Ulaya, korongo weupe nao wa Ulaya wanatembea chini wakidonoa. Nguchiro na mbweha pia hawabaki nyuma, na watoto wenye ndoo, hao ndo wapinzani wakubwa.

Wangalie sana kozi wadogo wa kijivu wenye miguu ya rangi ya chungwa iliyokolea, wanakuja kwa makundi. Hao ni kozi wa Amur, wanazaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, wanapita India halafu wanavuka Bahari ya Hindi bila kutua, huku kwetu wanapita Novemba na Desemba wakielekea kusini mwa Afrika. Ndege anayelingana na njiwa! Mimi bado siamini nikiwaona.

Hatua ya 5: Usalama, kwa kifupi

Rusha vumbi ujue upepo unaenda wapi. Alama ya tembo au nyati ikiwa mbichi kabisa, maji bado yanajikusanya ndani, usiifuate, geuza. Jioni tembea na tochi, nyoka kifutu anapenda kulala njiani na hakimbii mtu.

Hatua ya 6: Kutuma na kutunza

Tumia iNaturalist, programu ya simu ya kurekodi wanyama na mimea, picha unaziweka ukipata bando, na spishi zilizo hatarini yenyewe inaficha lokesheni kamili. WhatsApp ni kinyume, mtu anaandika "kakakuona yupo nyuma ya shule sasa hivi" kwenye grupu lenye watu mia mbili, unajua ni nani wote wamo humo? Kakakuona, tembo mwenye pembe kubwa, kiota cha tai, mwambie mgambo wa wanyamapori wa kijiji peke yake.

Na kama nyayo zimeingia shambani au zizini, picha zile zile zenye kibiriti peleka ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo, waandike, halafu zifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa hasara ya wanyamapori, kipo kwa kanuni ila bila ushahidi wa mapema utazungushwa, na mvua ya kesho usiku inafuta kila kitu.