Ejenti wako anaita zana isiyo yenyewe? Cheki kwanza maelezo uliyomwandikia

Mi nilikaa kama siku mbili naitukana modeli (AI ya lugha iliyo nyuma ya ejenti) bure. Ejenti, yani programu ya AI inayojiamulia yenyewe iite zana ipi, nimempa zana (funksheni anayoweza kuiita) ya kutafuta oda, mtu anauliza "oda yangu imefika wapi", yeye anaenda kuita zana ya wateja, anarudi na jina na barua pepe, halafu anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba oda haipo. Nikahamia modeli kubwa zaidi, yale yale. Mwisho nikafungua maelezo niliyoyaandika mwenyewe: zana ya kwanza "Inatafuta oda", ya pili "Inatafuta taarifa za mteja, oda n.k." Hiyo "oda n.k." ndo ilikuwa inanimaliza.

Yani shika hili kabla hujagusa chochote: modeli haioni kodi yako (code ya programu uliyoandika). Inachoona ni jina la zana, maelezo yake na skima ya parameta, yani orodha ya taarifa ambazo zana inataka ipewe na muundo wake (mara nyingi ya JSON), basi. Komenti zako zote nzuri ndani ya funksheni haziifikii. Kwa hiyo kila unachokijua kichwani kuhusu ile zana, kama hakipo kwenye yale maelezo, modeli itakisia, na inakisia bila aibu.

Ile yangu niliiandika upya hivi, jina nikaiita hali_ya_oda:

"Inarudisha hali ya oda moja (inaandaliwa, imetumwa, imefika, imefutwa) na tarehe hali ilipobadilika mara ya mwisho. Tumia mtumiaji anapouliza oda yake iko wapi na namba ya oda unayo. Kama huna namba ila una barua pepe, anza na zana ya orodhesha_oda. Haibadilishi chochote. Oda za zaidi ya miezi 24 hazimo humu, kwa hiyo ukikosa usiseme oda haipo, sema haionekani kwenye kumbukumbu za karibuni."

Ona ilivyo, nusu yake inasema lini usiitumie na uende wapi badala yake, na hapo ndo watu wengi tunapoteleza, manake tunaandika zana inafanya nini tunaona imetosha. Zana ikiwa moja sawa, zikiwa kumi na zinafanana, mpaka kati yao lazima uuchore mwenyewe. Na kama hata wewe huwezi kueleza tofauti ya zana mbili kwa sentensi moja, ziunganishe tu.

Parameta nazo zinataka maelezo yake kila moja. "tarehe" peke yake ni mtego, 04/03 ni mwezi wa nne au wa tatu? Andika "YYYY-MM-DD, mfano 2025-03-04". "id" ibadilishe iwe "namba_ya_oda". Kama thamani zinazokubalika kwenye parameta ni nne tu, ziorodheshe kwenye skima, usiache neno huru halafu ushangae ukiletewa "imeshafika" badala ya "imefika".

Urefu? Anthropic kwenye mwongozo wao wanashauri angalau sentensi 3 hadi 4 kwa kila zana, mi naona ni sawa, ila kumbuka maelezo yanakula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli inasoma) kwenye kila ombi, kwa hiyo usiweke historia ya mradi humo. Na punguza herufi kubwa za kufokea, LAZIMA UTUMIE HII KILA MARA, utapata ejenti anayeiita hata akisalimiwa tu.

Zana ya kufuta au kulipa, sema wazi kwamba hairudishwi nyuma, lakini kizuizi chenyewe kiweke kwenye kodi. Maelezo ni maneno tu, siku moja yatapuuzwa.

Kisha jaribu. Andika maswali kama 20 yenye lugha mbovu kama watumiaji wanavyoandika kweli, mengine yasiyohitaji zana kabisa, halafu soma logi (kumbukumbu za alichofanya ejenti) uone iliitwa ipi na ilipewa nini. Badilisha kitu kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Kwangu "nilinunua kitu wiki jana mbona kimya" ndo liligoma mpaka mwisho, ejenti anatunga namba ya oda kutoka hewani, mpaka nikaongeza kwenye parameta: "Usikisie namba. Kama mtumiaji hajaitaja, muulize."