Somo: Kupanga reli ya bustani ya geji ya mita kwa mwenye reli ya mfano ndani ya nyumba

Somo hili linamhusu mtu ambaye tayari ana reli ya mfano ya H0 (treni ndogo zilizopunguzwa mara 87 kuliko zile halisi) juu ya meza chumbani, na sasa anataka njia nyembamba bustanini bila kuivunja ile ya ndani. Ili tusizungumze hewani, nimechagua mahali halisi: stesheni ya Wernigerode huko Ujerumani, ambako reli kubwa ya geji (upana kati ya vyuma viwili vya njia) ya milimita 1435, ile ile ambayo Kenya na Tanzania wanaiita SGR, hukutana na reli ya Harz ya geji ya mita, yenye mtandao wa takriban kilomita 140 na tawi linalopanda hadi mlima Brocken. Meza ya ndani inaonyesha upande wa reli kubwa, na bustani itaonyesha upande wa milima. Treni hazitavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu ndani ni skeli ya 1:87 na nje ni 1:22.5, lakini ratiba inaweza kuvuka: treni ya abiria inapofika mezani saa nne na dakika kumi, ile ya mlimani huondoka bustanini saa nne na dakika ishirini na tano. Mwenye kupanga hivyo hupata reli moja yenye sehemu mbili, badala ya michezo miwili inayogombea saa zake za mapumziko.

Hatua ya kwanza: kuamua geji na skeli

Reli nyingi za bustani hutumia geji ya milimita 45. Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilipoleta sokoni treni zake za LGB mwaka 1968 iliitumia geji hiyo pamoja na skeli ya 1:22.5, na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1000 ukizigawa kwa 22.5 unapata zaidi kidogo ya 44. Kwa hiyo reli yoyote ya geji ya mita, iwe ya Harz, ya Uswisi au ya Afrika Mashariki, hukaa vizuri juu ya njia hiyo.

Tahadhari moja inahitajika dukani. Vifaa vya 1:20.3, 1:22.5, 1:24, 1:29 na 1:32 vyote hutembea juu ya milimita 45, na mara nyingi vyote huuzwa kwa herufi moja ya G. Magurudumu yataingia relini bila shida, lakini behewa la 1:32, ambalo kwa kweli ni la geji ya 1435, likiunganishwa na behewa la Harz litaonekana kama la watoto. Nenda na sanamu ya mtu mfukoni. Mtu wa mita 1.70 katika skeli ya 1:22.5 ana urefu wa sentimita 7.5, na katika 1:32 ana sentimita 5.3 tu. Msimamishe mlangoni mwa behewa kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: kupima viwango vya urefu

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, nayo ndiyo ambayo wengi huiacha mpaka njia imekwisha kutandikwa. Kabla ya kuchora kona yoyote, pima vimo vitatu: kimo cha udongo wa bustani karibu na ukuta, kimo cha sakafu ya chumba, na kimo cha meza ya H0. Huhitaji chombo cha gharama, kwani mpira wa maji unaoonyesha ndani, kama wautumiao mafundi ujenzi kusawazisha msingi, hupita dirishani na kukupa usawa wa ndani na nje kwa wakati mmoja.

Chukua mfano wa nyumba ambayo sakafu yake iko sentimita 30 juu ya udongo, na meza yake ina kimo cha sentimita 110. Uso wa meza uko sentimita 140 juu ya bustani. Ukitaka njia ya nje itoke katika usawa wa meza na ishuke hadi chini kwa mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita, utahitaji karibu mita 47 za reli kwa kushuka tu. Mteremko huo wenyewe si mchezo, kwa maana njia ya Brocken, ambayo injini zake za mvuke zina ekseli tano za kuvuta, hupanda mita 1 kwa kila mita 30, na hiyo ni kadiri hiyo hiyo.

Suluhisho ni kuiingiza njia ya bustani chini ya meza. Tengeneza rafu yenye kimo cha sentimita 40 kutoka sakafuni, nayo itakuwa sentimita 70 juu ya udongo wa nje. Kisha jenga tuta la bustani lenyewe katika kimo cha sentimita 40, kwa mawe au matofali. Tofauti inayobaki ni sentimita 30, ambayo kwa mteremko ule ule humalizika ndani ya mita 10. Hapo umepata mambo matatu kwa pamoja: stoo kavu ya treni za nje wakati wa baridi, njia ambayo huinami hadi ardhini kuihudumia, na meza ya H0 ambayo haikuguswa hata msumari mmoja. Acha nafasi isiyopungua sentimita 45 kati ya rafu na mbao za chini ya meza, kwa sababu mikono yako bado itahitaji kufikia nyaya za H0.

Hatua ya tatu: tundu la ukutani

Kama chumba kina dirisha dogo la chini, usitoboe ukuta. Toa kioo kimoja, weka ubao mnene wa kustahimili maji uliokatwa tundu, na siku utakapohama utarudisha kioo. Kama hakuna dirisha, mwite fundi anayejua ukuta upi unabeba nyumba na upi haubebi.

Ukubwa wa tundu hutokana na treni kubwa kuliko zote utakayoinunua. Behewa halisi lenye upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 3.6 huwa sentimita 11.6 kwa sentimita 16 katika skeli yetu. Tundu la sentimita 20 kwa 25 linatosha kabisa, mradi njia ipite hapo ikiwa imenyooka. Ikiwa ndani ya kona, behewa refu hutoa tumbo upande wa ndani na pembe upande wa nje, na litasugua. Sakafu ya tundu iinamishwe kidogo kuelekea nje ili mvua isiingie ndani. Weka kimlango cha bawaba kinachofungwa kwa komeo, na kipande cha reli cha sentimita 20 kinachoweza kuondolewa, kwa sababu mlango haufungiki juu ya reli, na panya hawasubiri kualikwa.

Hatua ya nne: kuchora njia

Katika seti za LGB kona ya kwanza, inayojulikana kama R1, ina nusu kipenyo cha sentimita 60, na vipande kumi na viwili hukamilisha duara. Treni fupi hupita hapo. Lakini injini ya ekseli tano kwenye kona hiyo huonekana kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake, na mabehewa marefu huvutana pembeni. Nashauri sentimita 120 kwa kona zinazoonekana, na R1 ibaki mafichoni rafuni chini ya meza au ndani ya handaki. Usihuzunike kwamba huna nafasi ya uhalisia kamili. Kona halisi ya nusu kipenyo cha mita 60 ingekutaka mita 2.67, na duara lake lingemeza bustani ya kawaida ya mjini.

Siipendi duara tupu ambamo treni hufukuza mkia wake mchana kutwa. Kwa reli yenye ratiba, njia itoke stesheni ya chini ya meza, ipite tundu, ipande hadi stesheni ya mlimani, na katikati iwe na stesheni moja ya kupishana yenye urefu wa kuchukua treni ndefu kuliko zote. Chora kwanza kwenye karatasi, kisha ardhini kwa vigingi na kamba, na uiache kamba hiyo mahali pake siku kadhaa ili uone ni wapi familia hupita na mkokoteni au kamba ya kuanikia nguo.

Hatua ya tano: msingi na kokoto

Pale njia inapokaa ardhini, chimba mtaro wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 15 hadi 20, tandika kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, jaza kokoto zilizovunjwa, kisha juu weka kokoto ndogo za milimita 2 hadi 5. Kokoto ziwe zenye kingo kali. Zile za mtoni, zilizolainishwa na maji, hubingirika na haziwezi kushika mataruma. Maji yakituama chini ya njia katika nchi ya baridi huganda, hutanuka na kuinua reli, na ndiyo maana mtaro ni wa kupitisha maji zaidi kuliko wa kubeba uzito.

Jambo linalowashangaza waliozoea reli ya ndani ni kutanuka kwa reli. Reli za bustani nyingi ni za aloi ya shaba na zinki. Mita 12 za aloi hiyo, zikitoka nyuzi 10 chini ya sifuri wakati wa baridi hadi nyuzi 40 juani, huongezeka kwa milimita 11 hivi. Kwa vipande vya mita 1.2 hiyo ni takriban milimita 1 kwa kila kiungo, kwa hiyo ukitandika siku ya baridi acha nafasi hiyo, na ukitandika katikati ya kiangazi vigusanishe. Usipigilie mataruma misumari njia nzima. Funga sehemu moja tu, pale tunduni, ili kipande kinachoondolewa kikae sawa siku zote, na sehemu nyingine zote zielee juu ya kokoto.

Hatua ya sita: umeme

Transfoma na kila kitu kinachoguswa na umeme wa nyumba hubaki ndani, pakavu, nyuma ya kikatizi cha umeme unaovuja. Kinachotoka nje ni volti ndogo tu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha umeme relini, ambayo inataka viungo vilivyokazwa kwa skrubu, nyaya za kulisha njia kila baada ya mita chache, na kusugua reli mara kwa mara. Ya pili ni kuweka betri na kipokezi cha redio ndani ya injini au behewa la nyuma yake, na reli zikabaki vyuma vya kukanyagwa tu. Kwa anayeanza na mita 30 au chini ya hapo, mimi nachagua betri bila kusita, kwa sababu asubuhi ya mvua na majani makavu hutapoteza saa nzima na kitambaa cha kusugulia.

Mimea haina mengi. Chagua ya majani madogo inayokua polepole, kama misonobari mifupi ya vyungu na taimu inayotambaa, na uipande umbali wa behewa moja kutoka njiani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ninacho tayari kidhibiti cha kidijitali cha H0. Kwa nini nisiunganishe waya mmoja tu hadi nje?

Jibu: Amri zake huenda zikaeleweka, ila nguvu haitoshi. Vidhibiti vingi vya H0 hutoa ampia 3 hivi kwa volti 15 au 16, ilhali injini mbili za bustani zenye taa na moshi zinaweza kudai ampia 5 na volti 18 hadi 22. Ongeza kikuza nguvu cha peke yake kwa ajili ya nje, chenye waya wake. Kamwe usiinue volti ya kidhibiti chenyewe, kwani vipo vidude vya ndani ya injini za H0 visivyostahimili volti ya nje.

Swali: Nipo Moshi. Hatuna barafu, lakini tuna mvua za masika na mchwa. Nibadilishe nini?

Jibu: Ndugu yangu, mtaro uwe na njia ya kutokea maji, na penye mkondo weka kalavati halisi la bomba. Mataruma yawe ya plastiki iliyotengenezwa kukaa juani. Reli za H0 za ndani usizitumie nje hata kwa majaribio, plastiki yake hukauka na kupasuka. Nafasi za viungo zaweza kuwa nusu ya nilizotaja, kwa kuwa joto halipandi wala kushuka kwa kiasi hicho. Mbao za madaraja ziinuliwe juu ya mawe zisiguse udongo.

Swali: Je, injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59 ya Reli ya Afrika Mashariki inaweza kupita katika bustani ya Nairobi?

Jibu: Inaweza, na skeli ni hii hii, kwa sababu ilitembea juu ya geji ya mita. Injini hizo 34 ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7. Katika 1:22.5 hiyo ni mita 1.41. Kwa bahati nzuri Garratt ina fremu mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja peke yake, kwa hiyo hupinda vizuri kuliko urefu wake unavyotisha. Hata hivyo boila la katikati hutoka nje ya njia kwenye kona, basi kaa juu ya nusu kipenyo cha mita 2 na upanue tundu la ukuta. Nenda kwanza makumbusho ya reli Nairobi ukaipime kwa macho, iliyopo pale inaitwa Mount Gelai.

Swali: Mimi nataka reli ya zamani ya Bububu, Unguja. Nayo ni ya mita?

Jibu: Hapana, ile ilikuwa ya futi 3, yaani milimita 914. Njia ya milimita 45 inafaa bado, lakini skeli ibadilike kuwa 1:20.3, na majengo pamoja na sanamu za watu zifuate skeli hiyo. Vifaa vya skeli hiyo vipo vingi, kwa sababu reli nyembamba za Colorado nchini Marekani zilikuwa za futi 3 pia.

Swali: Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba amekataa tundu na dirisha pia. Niache?

Jibu: Usiache. Weka kreti ya mbao yenye reli ndani yake, yenye urefu wa injini na mabehewa matatu. Unaibeba kutoka rafuni, unaiunganisha na mwanzo wa njia bustanini, na treni inatoka yenyewe. Hakikisha tu kwamba kreti ikiwa imejaa mtu mmoja anaweza kuinyanyua, na kwamba ncha zake mbili zina kizuizi, maana mabehewa hayo yana magurudumu ya chuma na hayataki mwinamo mkubwa ili yaondoke.