Kuchagua buti la ngozi la mlimani: anzia kwenye soli

Mnunuzi akishika buti la ngozi, kitu cha kwanza hupapasa ngozi. Akiona ni nene na inang'aa, analipa. Lakini buti la mlimani huharibika kwa sababu mbili kabla ngozi yake haijachoka: soli kuachana na mwili wa buti, na kipimo kutolingana na mguu. Ngozi nzuri ikitunzwa inadumu miaka mingi. Soli mbovu inaachia njiani, na kidole kinachogonga mbele kinamaliza safari kwa siku moja ya kushuka. Ndiyo maana hapa tunaanza chini na kupanda juu. Mifano mingi ni ya Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, na tumezingatia kwamba wengi wetu tunanunua mtumba, iwe Memorial pale Moshi au Gikomba kule Nairobi.

Kabla ya yote, hakikisha unalihitaji. Jozi ya mabuti ya ngozi ya mtindo wa zamani ina uzito wa kilo 1.4 hadi 2. Kwa njia za misituni Usambara, au matembezi ya siku moja ukiwa na chupa ya maji tu, kiatu chepesi kinatosha na hakitakuchosha sana. Buti la ngozi lina faida pale penye mawe makali, baridi ya usiku, siku nyingi mfululizo na mzigo wa kilo 12 au zaidi mgongoni. Na kuna sehemu ambayo halifai kabisa: mabwawa ya tope ya Rwenzori. Kule tope linafika magotini, na ngozi ikishalowa haitakauka mpaka urudi. Watu hutembea na gambuti za mpira, na buti gumu hubebwa kwenye mzigo mpaka kwenye mwamba na barafu chini ya kilele cha Margherita.

Soli na jinsi ilivyoungwa

Geuza buti, tazama pale soli inapokutana na ngozi. Kuna njia tatu za kuunga ambazo utakutana nazo.

Ya kwanza ni mshono unaoonekana nje. Ngozi ya juu imekunjwa kuelekea nje, au imeshonewa ukanda wa ngozi unaozunguka buti, na uzi mnene unapita kwenye ukanda huo hadi chini. Utaona safu moja au mbili za uzi juu ya ukingo. Hii ndiyo kazi ya zamani ya mafundi wa Alpi. Fundi anaweza kukata uzi, kung'oa soli na kushona nyingine bila kugusa mwili wa buti, na buti likavishwa soli mpya mara mbili au tatu katika maisha yake. Kagua uzi wenyewe: usiwe umekatika, usiwe umesagika kwenye ncha ya mbele ambapo mawe hugonga zaidi.

Ya pili ni mshono wa ndani. Uzi unapita ndani ya buti kuelekea chini, na kwa nje huoni kitu. Toa kitandiko cha ndani upapase: utagusa mstari wa uzi ukizunguka wayo. Ni kazi imara pia, na buti huwa jembamba zaidi pembeni. Hasara yake ni kwamba soli ikisagika sana, maji hufuata matundu ya sindano na kupanda juu.

Ya tatu ni gundi peke yake. Mabuti mengi ya siku hizi yametengenezwa hivi, hata yenye ngozi nzuri. Si mabaya yakiwa mapya. Hatari iko kwenye mtumba, na hatari hiyo inahusu tabaka la kati zaidi ya gundi.

Kati ya ngozi na mpira wa chini, mabuti mengi yana tabaka laini la kupunguza kishindo, la povu la poliyurethani. Povu hili huliwa na unyevu wa hewa. Molekuli zake hukatika taratibu, hata buti likiwa limefungiwa kabatini bila kuvaliwa, na baada ya miaka 5 hadi 10 linamomonyoka. Kwa macho buti bado ni jipya: ngozi safi, meno ya soli hayajaguswa. Halafu siku ya pili mlimani tabaka linapasuka na soli nzima inabaki kwenye tope. Joto na unyevunyevu vinaharakisha uharibifu huo, kwa hiyo buti lililokaa ghalani Dar es Salaam au Mombasa linazeeka haraka kuliko lililokaa mahali pakavu na baridi.

Kulipima, bonyeza tabaka la kati kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu, sehemu nne: ncha, katikati pande zote mbili, na kisigino. Povu zima hurudi mahali pake. Bovu hubaki na shimo, hutoa unga au hunata. Kisha likunje buti kwa mikono yako mara ishirini hivi huku ukitazama pembeni ya soli. Mikunjo midogomidogo isiyofutika ni dalili ya kupasuka. Mwisho tafuta kibandiko cha ndani ya ulimi, kwani baadhi ya watengenezaji huandika hapo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti la gundi lenye povu na umri unaozidi miaka 8, liache hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Mabuti ya zamani kabisa, yenye tabaka la kati la ngozi au mpira mgumu, hayana tatizo hili, na ndiyo sababu buti la miaka thelathini lenye mshono wa nje linaweza kuwa salama kuliko la miaka tisa.

Mpira wa chini hukaguliwa haraka. Meno yake yanapokuwa mapya huwa na kina cha karibu milimita 5. Yakibaki 2, hayatashika udongo wenye maji wa msitu wa Mweka, kwenye njia ya kushuka Kilimanjaro. Kisigino kiwe na ngazi iliyokatwa wima upande wa mbele, maana hiyo ndiyo breki yako unaposhuka. Soli bapa isiyo na ngazi ni ya mjini. Soli hizi za mpira zenye meno zilianzia Italia: mwaka 1935 Vitale Bramani wa Milano alipoteza wenzake sita kwenye mlima wa Punta Rasica, viatu vyao vikiwa duni kwa baridi na mwamba, na mwaka 1937 akaleta soli ya Vibram. Kabla ya hapo wapanda milima walipigilia misumari chini ya soli za ngozi.

Sasa jaribu ugumu. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja. Buti la mlimani hukunjika kwa kulazimishwa, na hukunjika pale vidole vinapoanzia. Likikunjika katikati ya wayo, bapa la chuma au nailoni lililo ndani limevunjika au halikuwepo. Ukilitembeza kwenye kokoto za volkano za Kilimanjaro, kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, misuli ya wayo wako itafanya kazi ya hilo bapa usiku kucha.

Mguu wako

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba mchana. Simama juu ya karatasi, uzito kwenye miguu yote miwili, mtu mwingine achore kalamu ikiwa wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Fuata mguu mrefu zaidi. Karibu kila mtu ana tofauti.

Ongeza sentimita 1.5 kwenye urefu huo. Kupata namba ya Ulaya, zidisha jumla kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26.5 unakuwa 28, na 28 mara 1.5 ni 42, ambayo ni karibu na namba 8 ya Uingereza. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.7 hivi na ya Uingereza ni milimita 8.5, ndiyo maana nusu namba za Uingereza zina maana kwenye buti gumu. Hesabu hii inakupa pa kuanzia tu. Kila mtengenezaji ana kalibu yake, yaani umbo la mguu analotengenezea buti, na 42 ya mmoja huwa nyembamba kuliko 42 ya mwingine.

Ukiwa sokoni, toa kitandiko cha ndani ukisimamie peku. Mguu ukimwagika pembeni, buti ni jembamba, na ngozi haitapanuka kiasi hicho. Kisha vaa soksi utakazopandia mlima, nene za sufu, wala usijaribu na soksi ya shuleni. Bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino bila kubanwa. Vikiingia viwili, ni kubwa.

Funga kamba hadi juu, utembee. Kisigino kikinyanyuka kidogo, chini ya milimita 5, kitatulia soli ikilainika. Kikinyanyuka zaidi ya hapo utapata malengelenge, na kubana kamba hakutasaidia. Kipimo kikubwa zaidi ni cha mteremko. Tafuta ubao uliolazwa, ngazi au barabara ya kushuka, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu mara kumi. Kidole kikigonga mbele hata mara moja, rudisha buti. Anayetoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi, anashuka karibu mita 2,800 ndani ya siku moja, na kucha nyeusi za kidole gumba hupatikana hapo.

Chunguza pia pale ngozi inapokunjika unapopiga hatua. Mkunjo ukiangukia juu ya vifundo vya vidole na kubana, buti halilingani na mguu wako hata kama urefu ni sawa. Mtumba una tatizo la ziada hapa: mwenyewe wa kwanza ameshaacha umbo la mguu wake ndani. Tazama visigino vya soli. Kama vimelika upande mmoja tu, zaidi ya milimita 4 kuliko upande wa pili, buti limeegemea na litakuegemeza nawe.

Ngozi

Unataka ngozi ya tabaka la juu la ng'ombe, isiyokwanguliwa uso wake, yenye unene wa milimita 2.4 hadi 3. Itambue kwa vinyweleo visivyopangika na makovu madogo. Ngozi iliyokwanguliwa kisha ikapakwa plastiki ina vitundu vinavyofanana kila mahali, na ikikunjwa rangi hupasuka kwa vipande. Nubaki, yenye uso laini kama uliopigwa msasa, ni ngozi imara vilevile. Suedi hutoka tabaka la chini. Inalowa upesi na kulegea.

Hesabu mishono. Mwili uliokatwa kwa kipande kimoja chenye mshono mmoja nyuma una nafasi chache za kuingiza maji. Ulimi uwe umeunganishwa na mwili pande zote mbili kwa ngozi laini iliyokunjwa, hadi karibu na ndoano za juu. Usipounganishwa, mchanga wa volkano utaingia kila hatua. Kunja ngozi pale penye mikunjo ya vidole: nyufa ndogo za juu juu zinatibika kwa nta, lakini ukiona nyuzinyuzi za ndani, ngozi imekufa.

Bitana ya ngozi hukauka polepole, lakini haichomi mguu na hudumu sawa na buti. Utando wa kuzuia maji huchoka mapema, hasa kwenye kisigino na mikunjo, na ukitoboka hautengenezeki. Kwa milima yetu, ambako unaanza kwenye joto la msitu na kumalizia kwenye baridi, tunapendelea bitana ya ngozi, na geita, yaani kifuniko cha kitambaa kinachovaliwa juu ya buti.

Baada ya kununua

Livae ndani ya nyumba saa mbili mbili kwa siku nne au tano, halafu barabarani, halafu kilimani ukiwa na mzigo. Wiki nne hadi sita zinahitajika kabla ya safari, kwa sababu ngozi nene hulainika kwa joto na jasho la mguu wako. Kuloweka buti kwenye ndoo ili lilainike haraka kunadhoofisha gundi na kukausha ngozi vibaya.

Paka nta ya nyuki kidogo, kwa vidole, hasa kwenye mishono. Mafuta ya kupikia na grisi yanaingia ndani sana, yanalegeza ngozi na kifundo kinakosa msaada. Likilowa, toa kitandiko, jaza karatasi za magazeti, badilisha kila baada ya saa chache, lianikwe kivulini. Usilikaribishe na jiko hata usiku wa baridi kambini: ngozi iliyolowa hujikunyata ikipata moto, hugeuka ngumu, na gundi ya soli huachia.

Mpelekee fundi buti wakati meno ya soli bado yanaonekana. Ukisubiri mpaka mpira uishe, unaanza kutembelea ukanda wa mshono, na ukanda ukilika hakuna tena pa kushonea soli mpya. Mwambie mapema hutaki soli ya tairi: ni nzito na haina meno ya kushikia kwenye tope. Mtafutie mwenyewe soli yenye meno, uipime juu ya buti kabla hajakata ile ya zamani, na mwombe aunge kwa gundi na uzi pamoja.