Kuondoa lignini kwa oksijeni kwenye palpu ya msindano: mwongozo wa hatua kwa hatua

Palpu, yaani uji wa nyuzi za mbao, inayotoka kwenye daijesta (chungu kikubwa cha kupikia vipande vya mbao) baada ya kupikwa kwa njia ya krafti, yaani kwa kostiki na salfaidi, huwa ya kahawia. Kinachoipa rangi hiyo ni lignini iliyobaki, ile gundi ya asili iliyokuwa imeshikanisha nyuzi ndani ya mti. Kama unatengeneza mifuko ya saruji, iache ilivyo. Kama unataka karatasi nyeupe, lazima lignini itoke, na ushauri wangu ni kupitisha oksijeni kabla ya kugusa klorini dioksaidi, kemikali ya kung'arishia. Uchafu ulioyeyushwa kwa oksijeni unaweza kurudi kuchomwa kwenye boila ya kurejesha kemikali. Ulioyeyushwa kwa klorini haurudi kirahisi, maana kloridi hula vyuma vya boila, hivyo huishia kwenye mabwawa ya majitaka na baadaye mtoni.

Njia hii ina historia barani kwetu: mtambo wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi mwaka 1970 katika kiwanda cha Enstra cha kampuni ya Sappi, Afrika Kusini. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba oksijeni na alkali huondoa lignini, ila selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya nyuzi, nayo iliharibika. Watafiti wa Ufaransa ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba chumvi za magnesiamu huikinga.

Vipimo ninavyotumia hapa ni vya msindano, mti uliojaa Sao Hill nchini Tanzania na nyanda nyingine za juu za Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Pima namba ya kappa

Usifungue vali yoyote kabla hujajua lignini ni kiasi gani. Kappa ndiyo kipimo chake: mililita za pamanganeti zinazoliwa na gramu moja ya palpu kavu. Chukua sampuli ya palpu iliyokoshwa, ipige kwenye maji mpaka nyuzi ziachane kabisa. Ongeza mililita 100 za potasiamu pamanganeti ya 0.02 mol/L iliyochanganywa na asidi ya salfuriki, huku saa ikianza kuhesabu. Joto liwe nyuzi 25, muda dakika 10 kamili. Zikiisha, mimina potasiamu iodaidi. Zambarau itageuka kahawia papo hapo. Sasa dondosha sodiamu thiosalfeti. Rangi ikififia kuwa njano, weka wanga, mchanganyiko utakuwa bluu nzito, kisha endelea tone kwa tone hadi bluu ipotee. Pima palpu ya kutosha kula karibu nusu ya pamanganeti. Ikila kidogo sana au karibu yote, rudia kipimo kwa kiasi kingine cha palpu.

Zidisha kappa kwa 0.15 upate makadirio ya asilimia ya lignini. Msindano wa krafti kwa kawaida huwa na kappa kati ya 25 na 30. Tuchukue 28, yaani lignini kama asilimia 4.2. Lengo letu liwe 15, karibu asilimia 2.2. Tumeondoa chini kidogo ya nusu, na kwa mtambo wa hatua moja inatosha. Ukilazimisha zaidi, oksijeni inaanza kukata minyororo ya selulosi na karatasi inapoteza nguvu. Mitambo ya minara miwili (mnara ndimo oksijeni hufanyia kazi) huweza kuvuka nusu, lakini nayo ina kikomo.

Hatua ya 2: Kosha vizuri

Hapa ndipo kazi inapoharibikia mara nyingi, na lawama huangukia oksijeni bure. Maji meusi ya mapishi yanayobaki kwenye palpu hula oksijeni na alkali kabla lignini ya ndani ya nyuzi haijaguswa. Vaa glavu, chukua konzi ya palpu baada ya mashine ya mwisho ya kukoshea, ikamue. Maji yakitoka meusi na yenye povu, rudi kwenye makosheo kwanza. Kappa ya kuingia ikiwa ile ile na kemikali ni zile zile, lakini kappa ya kutoka imepanda, usiongeze oksijeni. Kagua maji ya kukoshea na mikeka ya palpu kwenye ngoma za mashine za kukoshea.

Hatua ya 3: Magnesiamu, kisha alkali

Palpu iwe na nyuzi kavu asilimia 10 hadi 14. Tanguliza magnesiamu salfeti. Kazi yake ni kuzituliza metali kama manganizi, chuma na shaba, ambazo huvunja peroksaidi inayozaliwa ndani ya mnara na kutoa chembe kali zinazoshambulia selulosi. Kwa tani moja ya palpu kavu, nusu kilo ya magnesiamu yenyewe inatosha. Usiipitishe bomba moja na kostiki, ile alkali inayofuata: zikikutana hutengeneza magnesiamu haidroksaidi, unga mweupe unaoziba bomba.

Kisha weka alkali. Kwa mfano wetu anza na kilo 22 za kostiki soda kwa tani. Kiwanda kinachopitisha tani 10 kwa saa kitahitaji kilo 220 kila saa. Badala ya kununua kostiki yote, viwanda vingi hutumia maji meupe ya kupikia (mchanganyiko wa kostiki na salfaidi wa daijesta) yaliyopulizwa hewa au oksijeni ili salfaidi yake igeuke thiosalfeti. Mimi napendelea njia hii. Kostiki ya kununua huingiza sodiamu mpya kwenye mzunguko, na ikizidi mahitaji utakosa pa kuipeleka.

Hatua ya 4: Mvuke na oksijeni

Pasha palpu kwa mvuke mpaka nyuzi joto 90 hadi 100, isukume kwa pampu, kisha ingiza oksijeni kwenye kichanganyio chenye kasi kubwa. Anza na kilo 20 kwa tani. Oksijeni huyeyuka kidogo sana kwenye maji ya moto; sehemu kubwa hubaki viputo. Viputo vikiwa vidogo na vingi, vitaifikia kila nyuzi. Vikiungana, gesi hupanda peke yake hadi juu ya mnara bila kufanya kazi.

Usalama haujadiliwi. Bomba na vali za oksijeni zisiwe na mafuta wala grisi hata kidogo, kwani huwaka kwa nguvu zikikutana na oksijeni ya presha. Vali ya oksijeni ijifunge yenyewe kichanganyio au pampu ikisimama. Nguo iliyoloa oksijeni hushika moto kwa cheche ndogo, kwa hiyo nenda nje kwenye hewa safi na uipunge vizuri kabla ya kusogelea kitu chochote cha moto.

Hatua ya 5: Mnara

Palpu ipande mnarani kwa muda wa saa moja hivi, presha kwenye kitako cha mnara ikiwa bar 5 hadi 7. Juu ya mnara toa gesi zilizojikusanya. Zina kaboni monoksaidi, hivyo zielekezwe mahali salama.

Hatua ya 6: Kagua, kisha kosha tena

Angalia pH kwanza. Inapaswa kuwa kati ya 10 na 11. Ikishuka chini ya 10, alkali iliisha njiani na lignini iliyoyeyuka inaweza kurudi kujibandika kwenye nyuzi. Halafu pima kappa na mnato (uzito wa mmiminiko wa palpu iliyoyeyushwa, unaoonyesha urefu wa minyororo ya selulosi) kwa pamoja. Kappa ikishuka vizuri huku mnato ukiporomoka, punguza joto au alkali na kagua pampu ya magnesiamu. Kappa peke yake haitakuonyesha kwamba nyuzi zinaumia.

Maji ya makosheo haya yarudishwe nyuma, yakoshe palpu ya kahawia, kisha yaende kwenye vivukizi vya kupunguza maji na boila. Zungumza na watu wa boila kabla ya kuanza, maana mzigo wao utaongezeka kwa asilimia chache, na boila iliyokwisha kujaa itakulazimu kupunguza uzalishaji.

Ukibadilisha kwenda mikaratusi

Kappa itaanzia chini, kati ya 15 na 20, na itashuka kwa sehemu ndogo kuliko msindano. Sehemu ya kappa hiyo si lignini bali ni asidi za heksenuroni, ambazo hula pamanganeti maabara lakini oksijeni haziguswi nayo. Punguza kostiki na oksijeni, ridhika na punguzo la asilimia 35 hadi 45, na iachie klorini dioksaidi au hatua ya asidi ya moto kazi ya kuziondoa hizo asidi.