MBA: fungua daftari kabla hujachukua fomu

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Niliwahi kujaza fomu ya MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, nikabakiza kulipia tu, na sababu yangu kubwa ilikuwa kwamba mabosi niliowaona walikuwa nayo. Kaka yangu akaniuliza, "Dada, unataka cheo gani hasa?" Nikamjibu, mkuu wa fedha. Akasema, "Basi tafuta matangazo kumi ya kazi hiyo, uyasome mstari kwa mstari."

Anzia hapo na wewe. Fungua kauntabuku, andika cheo unachokitaka, kisha kusanya matangazo kutoka kwenye magazeti, tovuti za kampuni na Ajira Portal kama unalenga serikalini. Chora safu mbili: kinachotakiwa kwa lazima, na kinachotajwa kama nyongeza. Kwangu matangazo manane yalidai CPA(T), sifa ya kitaaluma ya uhasibu. MBA ilitajwa kwenye matatu, yote matatu kama nyongeza. Fomu nikaiweka kabatini, nikajiandikisha NBAA, bodi ya wahasibu inayoitoa hiyo CPA, nikaanza kuhesabu miezi ya mitihani, Mei na Novemba. Hata kwa mtu wa ununuzi na ugavi ningesema aangalie kwanza bodi ya taaluma yake, PSPTB, inataka nini kwake.

Ukiona MBA inatakiwa kweli, ingia kwenye pesa. Watu wengi huandika ada wakaishia hapo. Chukulia ada ni milioni 6. Ongeza nauli za jioni, chakula, kuchapisha kazi za darasani, na gharama za kukusanya data za tasnifu. Weka milioni 2.5. Jumla milioni 8.5.

Sasa geukia mshahara. Tuseme unalipwa milioni 1.5 kwa mwezi, na ukimaliza wanakuongezea 300,000. Asilimia 10 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 30,000. Katika 270,000 zinazobaki, kodi ya asilimia 30 inachukua 81,000. Unaondoka na 189,000. Gawanya milioni 8.5 kwa hiyo: miezi 45, karibu miaka minne, ndipo fedha yako irudi. Hapo hujaweka riba. Kama utalipa kwa mkopo wa mshahara, hesabu upya kwa kutumia makato ya benki ya kila mwezi. Na nyongeza yenyewe, muulize mwajiri ana kwa ana kama ipo. Akisema "tutaona", andika sifuri.

Mwajiri akikulipia, soma mkataba hadi mwisho. Mara nyingi kuna sharti la kumtumikia miaka kadhaa, au urudishe fedha ukiondoka mapema.

Kuhusu chuo, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, Chuo Kikuu Huria au ESAMI kule Arusha, hakikisha programu yenyewe inatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ukifikiria kusoma nje, waulize TCU mapema kama shahada hiyo wataitambua utakaporudi. Halafu omba ruhusa ukae nyuma ya darasa jioni moja. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: kati ya walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu? Masomo ya darasani watu huyamaliza; tasnifu ndiyo inayowakwamisha. Muulize pia aliyehitimu miaka miwili au mitatu nyuma, maana aliyevaa joho wiki iliyopita bado ana furaha ya mahafali.

Nisieleweke kwamba MBA haina maana. Nilipopata CPA nilipewa kusimamia pia magari na watu, na hapo uhasibu peke yake haukunitosha, nikaenda kuisoma. Darasani nilikaa na mhandisi ambaye ofisi yake ilimpa idara nzima bila yeye kuwahi kusoma mizania. Jioni ya kwanza tulipewa hesabu za kampuni moja: faida ipo, lakini benki hakuna kitu. Aliikazia macho ile karatasi muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa wadaiwa, yaani wateja ambao hawajalipa, akasema, "Kumbe ndiyo maana mafundi wangu hawalipwi." Kwa mtu kama yule, daktari anayepewa hospitali kuiongoza, au bwana shamba anayekabidhiwa mradi, mimi nasema nenda.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa nyumbani, na usiujaze peke yako. Sisi tulikaa mezani usiku mmoja: mume wangu akachukua Jumanne na Alhamisi za kuwafuata watoto shule, mama mkwe akachukua Jumamosi. Jumatano haikupata mtu, kwa hiyo semista ile nilipunguza somo moja.